Posa ya Mtani

Litumbwe, Lindi
3 Machi 2024

Mdogo wangu Dastani,

Marahaba. Najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha, kwa hiyo tuendelee.

Barua hii anaileta Safari, yule kondakta wa basi la Newala. Nimempa na samaki wawili wakavu. Barua ni yako, samaki ni wa mkeo Oliva, msije mkabadilishana. Usiniulize kwa nini sipigi simu. Hapa Litumbwe mtandao unashika mahali pamoja tu, kwenye ngazi za ghala la mwani, na ukisimama pale kijiji kizima kinasogea kukusikiliza. Wiki iliyopita mama mmoja aliongea na binti yake kuhusu bawasiri, na mpaka leo anapewa pole na watu asiowajua. Mambo yangu siyapeleki ngazini.

Mlisema nitarudi Kitangari kabla ya Jumatano ya Majivu. Jumatano imepita, majivu nimepakwa hukuhuku, na bado nipo. Nimestaafu ualimu, nimemzika mume wangu, nimemwozesha mwanangu Gift. Nimechota maji tangu nina miaka sita, kushuka bondeni na kupanda na ndoo, na nilisema siku zote kwamba nikivuka sitini nitakwenda kuishi mahali ambapo maji yanakuja yenyewe. Hapa yanakuja mara mbili kwa siku mpaka karibu na choo. Hayanyweki, lakini yanakuja.

Nimeingia kikundi cha akina mama wa mwani. Unafunga mbegu kwenye kamba, kamba unaifunga kwenye vigingi baharini. Maji yakipwa tunaingia, yakijaa tunatoka. Siku ya kwanza nilipoyaona yanarudi nilikimbia mpaka kwenye minazi, nikiwaita wenzangu wajiokoe. Walikuwa wamekaa wanacheka, na maji yenyewe yalikuwa kwenye vifundo vya miguu.

Kuna adha moja tu. Kuna Mmwera hapa anaitwa Alfredi, seremala, mgane, tunasali naye kanisa moja. Alipojua kwamba mimi ni Mmakonde alisimama katikati ya njia akanidai ushuru wa kuvuta hewa yao. Amenichongea vigingi vyangu vyote, vizuri sana, lakini kila kimoja amekichora panya, ati nisije nikasahau chakula cha kwetu. Jumapili alimwendea padri akamwomba anitaje kwenye maombi ya marehemu. Mimi nimemfichia kiatu kimoja. Wewe uliyesoma sekondari ya Chidya, niambie, mtani wa namna hii tunamkomeshaje?

Dada yako,
Dorika


Kitangari, Newala
19 Machi 2024

YAHUSU: KUREJEA KWAKO NYUMBANI

Dada yangu mpendwa, shikamoo.

Barua yako ya tarehe 3 nimeipokea nikaisoma mara mbili, mara ya pili kwa miwani. Samaki walifika. Oliva anashukuru, na mimi namshukuru Oliva kwa mkia.

Nakujulisha kwamba kikao cha ukoo kimekaa kujadili suala lako. Oliva anasema niandike ukweli, kwamba kikao kilikuwa mimi, yeye na kuku mmoja aliyeingia kutafuta kivuli. Hata hivyo akidi ilitimia. Tumeazimia urudi. Chumba chako nimekipaka chokaa. Umoja wa akina mama kanisani hauna katibu tangu uondoke, na muhtasari wa mwisho uliandikwa nyuma ya kalenda. Mvua mwaka huu ni nzuri, tangi limejaa, na mwenye tangi lililojaa hapa Kitangari ni mtu wa kuheshimiwa. Nawe ukaenda kulima shamba ambalo linafunikwa na maji kila siku. Dada, mtu wa miaka sitini na moja haanzi. Anamalizia.

Ama kuhusu huyo Mmwera, hapo umenifurahisha. Nilidhani watani wa kweli wamekwisha, siku hizi ukimtania mtu anakwenda polisi. Usimwonee huruma. Marehemu baba alikwenda msibani kwa Wamwera akapanda kitanda cha mfiwa kwa viatu, akakataa kushuka mpaka alipopewa jogoo, na wafiwa wenyewe walicheka na machozi yao. Huo ndio utani. Mwambie huyo seremala kwamba mimi Dastani, katibu wa baraza la wazee wa kanisa na mwenye muhuri, nasema hivi: Mmwera akilala anasahau kuamka, na akiamka anasahau kwa nini. Mlango wake anaufunga kwa kamba, halafu anaita seremala. Nashangaa kwamba kwao seremala ni yeye mwenyewe.

Ukimwambia hayo, niandikie alifanyaje usoni. Kisha funga mizigo.

Mdogo wako,
Dastani
(muhuri)


Litumbwe
12 Mei 2024

Dastani,

Marahaba. Kikao chako nimekisikia. Mpe kuku pole kwa kazi.

Mwani wa kwanza nimeuvuna. Umekauka vizuri na mwenyekiti wetu, Cecilia, ameushika mbele ya watu akasema huu ndio mwani, nyie wengine mnaleta takataka. Nilifundisha miaka thelathini na minne, sikuwahi kusifiwa hivyo na mratibu elimu yeyote. Kwa hiyo hayo ya kuanza na kumalizia waambie wengine. Mwani haukuniuliza umri.

Salamu zako nilimpa Alfredi neno kwa neno, mbele ya mafundi wenzake. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye maranda. Akasema huyo mdogo wako anafaa kuwa mtu, kama angezaliwa pwani.

Nilishikwa na malaria wiki moja. Usishtuke, nimepona. Kila asubuhi Alfredi alikuja na futi yake ya useremala, akasimama uani akapaza sauti kwamba amekuja kunipima jeneza, na kwamba anawapenda Wamakonde kwa ufupi wao maana mbao zinabaki za kutengeneza stuli. Majirani walikuwa wanatoka na vikombe vya chai kuja kusikiliza. Na kila siku alipoondoka aliacha ndoo ya maji mlangoni. Maji baridi ya kunywa, ya kisima cha mbali, si haya yetu ya chumvichumvi. Alikuwa anayachota mwenyewe na kuyabeba mwenyewe kichwani, mtu wa miaka sitini na sita, na njiani watu wanamcheka.

Dastani, unapajua kwetu. Nimemchotea maji baba, nimemchotea mume, nimekuchotea na wewe. Mimi kuchotewa na mwanamume mzima ilikuwa mara ya kwanza. Niliyanywa polepole.

Kuna jambo ambalo huenda likakufikia kwa maandishi. Desturi hainiruhusu kulitangulia, kwa hiyo sisemi zaidi. Likifika lisome kwa miwani, mara zote mbili.

Dorika


Litumbwe
2 Juni 2024

Kwa Bwana Dastani,
Kitangari.

Kwa leo nakupa shikamoo, ingawa umri wangu unakataa.

Naandika bila utani. Barua hii nimeifunga kwenye leso nyeupe kama inavyotakiwa. Mimi ni Alfredi, seremala wa Litumbwe. Ni mgane mwaka wa saba sasa. Nina watoto wawili, Joel yuko Nachingwea, na binti yangu ameolewa Masasi. Wote ni watu wazima na wote nimewaambia. Ni Mwanglikana wa kubatizwa utotoni. Silewi. Uraka wa mabibo nikipewa sikatai, lakini siutafuti.

Ninaomba kumwoa dada yako, Mama Gift. Najua kwenu, kama kwetu, dada hatoki bila neno la kaka yake, hata kama kaka mwenyewe ni mdogo, ndiyo maana nimekuandikia wewe. Nyumba yake ipo na mimi nitahamia kwake, kama wazee wetu walivyofanya. Yangu atakaa fundi wangu Jafari.

Sina maneno ya kupamba. Nilipofiwa nilinyamaza miaka saba, watu wakadhani ndio utaratibu wangu. Sasa kila asubuhi nikifumbua macho nafikiria nitamwambia nini Mama Gift akipita, na yeye atanijibu nini. Hilo ndilo linalonitoa kitandani.

Nikipata ruhusa yako nitakuja na wazee wangu wawili.

Wako mwaminifu,
Alfredi


Kitangari
9 Juni 2024

YAHUSU: MAOMBI YAKO YA MKE

Bwana Alfredi,

Maombi yako yamepokelewa yakiwa ndani ya leso. Leso ilikuwa safi, jambo lililotufanya tushuku kwamba si ya Mmwera.

Baraza limeyajadili na limeyakubali kwa masharti. Ulete mtumbwi wa mninga umejaa maji ya kunywa, ubebwe kichwani kutoka Litumbwe mpaka Kitangari, na tone lisimwagike. Ulete papa mwenye meno thelathini na mawili kama mtu, nasi tutayahesabu. Ulete Wamwera kumi na wawili walioamka kabla ya jua kuchomoza, kila mmoja na shahidi wake. Wewe mwenyewe uje umefungwa kengele ya mbuzi shingoni, tukusikie tangu Chiwata tupate muda wa kuficha kuku.

Masharti yakitimia, dada utapewa siku hiyohiyo.

Dastani
Katibu
(muhuri)


Kitangari
10 Juni 2024

Dada, shikamoo.

Huyu mtani wako ni fundi. Mimi nilidhani anajua mbao tu. Amenitumia barua ya posa, na leso juu yake, na ameandika kwa utulivu kama mtu anayeomba kazi serikalini. Sijawahi kuona utani ulioshonwa namna ile.

Jana baada ya ibada niliwazuia watu mlangoni pa kanisa nikaisoma yote. Nilipofika pale aliposema "naandika bila utani" Mzee Anselmo alishika nguzo. Waliokwisha kuondoka walirudi. Ikabidi nisome tena tangu mwanzo kwa ajili yao, kisha nikawasomea na jibu langu, na Mzee Anselmo akaomba nakala. Mtu mmoja alisema kengele ya mbuzi imemwondolea mafua. Oliva peke yake hakucheka. Alisema jino linamsumbua, akatangulia nyumbani.

Niandikie alifanyaje alipoipata. Ukiweza mwangalie kwa makini, usiache kitu.

Mdogo wako,
Dastani
(muhuri)


Litumbwe
30 Juni 2024

Dastani,

Umeniomba nimwangalie kwa makini. Nimemwangalia.

Barua yako aliisomea kwenye karakana, amesimama. Aliikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati, akaendelea kupiga randa. Jafari ndiye aliyeniambia. Siku ya pili nilipita, nikapunguza mwendo kama kawaida. Akainua kichwa akasema, "Hujambo Mama Gift. Habari za asubuhi." Nikasema nzuri. Akasema, "Haya, ahsante. Nakutakia kazi njema."

Leo ni siku ya kumi na nne ananitakia kazi njema.

Kanisani ananisogezea kiti. Jana mzigo wangu wa mwani ulimwagika mbele yake, na huyu mtu, ambaye zamani angeita kijiji kizima kije kuona Mmakonde anavyoshindwa na majani, aliinama akaniokotea, akanipa pole. Nilitamani bahari ijae nikiwa mlemle.

Haikuwa utani, Dastani. Nilikuandikia uisome kwa miwani, na hukuisoma hata kwa macho, uliisoma kwa mdomo, mlangoni pa kanisa. Desturi ilinifunga nisiseme, sasa nasema: ninampenda. Nina miaka sitini na moja na ninampenda, na ningemkubali bila papa na bila kengele. Habari zimeshafika huku kwa mdomo wa Safari na basi zima. Ndugu zake wamemwambia mtu hachekwi posa akaposa tena. Mwanawe Joel anamwita akaishi naye Nachingwea, naye amekubali. Anahama mwisho wa Julai.

Chumba chako cha chokaa kipangishe. Hata akiondoka, mimi sirudi.

Dorika


Kitangari
7 Julai 2024

Mheshimiwa Bwana Alfredi,

Kwa heshima na taadhima, mimi Dastani, mdogo wake Dorika, natengua barua yangu ya tarehe 9 Juni pamoja na masharti yote yaliyomo. Posa yako imekubaliwa. Ninaona fahari kubwa ukoo wetu kupata mtu wa hadhi yako. Karibu wewe na wazee wako siku yoyote muipendayo, na mtapokewa kama wafalme.

Ninaomba radhi kwa dhati.

Wako mtiifu,
Dastani
(muhuri) (muhuri) (muhuri)


Litumbwe
14 Julai 2024

Mtani,

Barua yako nimeipata. Mtani akikuita mheshimiwa, shika mfuko wako. Akikuita mfalme, shika na suruali. Kisha umepiga mihuri mitatu, kama mtu anayeogopa mmoja hautachekesha.

Mara ya kwanza ulinifanya kichekesho kwa watu wa Kitangari. Sikukasirika sana, utani ni utani, na mimi nilikosa kupima. Mara hii umetaka niondoke hapa na wazee wangu wawili, tumevaa kanzu na makoti, mtukute stendi na kengele. Hapo hapana.

Nikuambie jambo moja ambalo baba yako bila shaka alilijua. Mtu aliyekupa dada yake kweli hana tena utani nawe mpaka siku ya ndoa ipite. Unamsema utakavyo, naye ananyamaza. Ndivyo tunavyomjua. Wewe kunyamaza hukujaliwa, kwa hiyo tusisumbuane. Mimi naondoka tarehe 31. Mama Gift ni mtu mwema, usimchezee tena.

Alfredi


Kitangari
18 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Sijaandika yahusu kwa sababu sijui inahusu nini, na muhuri nimempa Oliva auweke.

Nimemwandikia Alfredi kwa kweli, naye ameona ni utani. Nilipoandika utani watu walicheka, nikiandika kweli mtu anashika suruali. Sijui mwandiko mwingine.

Nina neno la kukuambia na ni zito kwangu. Nilijua. Nilipofika pale anaposema kufikiria utakavyomjibu ndiko kunakomtoa kitandani, nilijua huyu mtu hatanii. Niliisoma usiku ule kabla ya Jumapili na nilijua. Asubuhi nikaisoma kwa sauti kubwa mlangoni pa kanisa ili iwe utani. Watu mia wakicheka, jambo linakuwa la kuchekesha hata kama halikuwa.

Sikutaka iwe kweli. Ulipoondoka nilisema utakwenda utachoka na chumvi utarudi. Nilikuwa nasikiliza kila basi la Masasi. Ukiolewa huko, basi hurudi, na mimi sijawahi kuishi Kitangari bila wewe kuwa nyuma yangu unanisahihisha. Una miaka mitatu tu zaidi yangu lakini ndiwe uliyenishika mkono siku ya kwanza ya shule. Nilikuonea wivu, dada. Umri wangu hamsini na nane na namwonea wivu seremala.

Nisamehe ukiweza. Nifanye nini?

Dastani


Kitangari
24 Julai 2024

Wifi yangu Mama Gift,

Shikamoo. Ni mimi Oliva. Naandika haraka, Safari anaondoka alfajiri, na ukiipata barua hii ujue mume wangu yuko kwenye basi hilohilo na hajui kwamba nimekuandikia.

Jumapili alisimama tena mlangoni pa kanisa. Akaisoma barua ya Alfredi yote, akasema ndugu zangu, hii ni posa ya kweli na mimi niliichafua kwa makusudi. Watu wakacheka kuliko mara ya kwanza. Mzee Anselmo alisema katibu amezidi kipaji. Alivyozidi kuwaapia ndivyo walivyozidi kushika mbavu, mpaka akakaa kwenye kizingiti akainamisha kichwa, na hapo nao wakapiga makofi. Tangu siku hiyo hali chakula, na wewe unamjua, hata msibani huwa anauliza kuna nini.

Wewe hukumjibu swali lake la nifanye nini, ikabidi nimjibu mimi. Nilimwambia mtu haombi radhi kwa basi kubeba karatasi, abebwe mwenyewe. Ameacha mikorosho haijapuliziwa salfa, na majirani wote wako shambani. Amevaa suti ya harusi yetu, vifungo havifiki, nimemshikizia kwa pini. Nimemfungia ming'oko ya kuchemsha ya kukuletea, lakini sidhani kama itavuka Masasi.

Alfredi amesema mtu aliyetoa dada hunyamaza. Mimi nimeishi na Dastani miaka thelathini na moja. Nitakuwa naomba tangu basi likiondoka.

Wifi yako,
Oliva


Litumbwe
29 Julai 2024

Oliva wangu,

Marahaba. Mume wako mzima, nitakurudishia keshokutwa. Ming'oko haikuvuka Masasi.

Barua yako Safari alinikabidhi baada ya Dastani kuteremka, kwa hiyo sikuwahi kujiandaa. Nilikuwa baharini, maji kiunoni, nikamwona Cecilia anapunga kanga pwani kama nyumba inaungua. Nilipofika karakana, kijiji kizima kilikuwa pale. Hata aliyekuwa anaongea na simu ngazini alikata.

Alfredi alikuwa anafunga zana zake kwenye sanduku. Dastani amesimama jua la saa saba ndani ya ile suti, jasho linamtiririka, anasema, "Nimekuja kukupa dada yangu." Alfredi hakumtazama. Alifunga kamba ya sanduku, kisha akaanza.

Sijawahi kusikia utani kama ule, na mimi nimezikiwa na kuozewa na Wamwera. Alianza na suti, akauliza maiti aliyevuliwa amebaki na nini. Akaja kwenye muhuri, kwamba Mmakonde akiokota kizibo anajiita ofisi. Akasema watu wa Kitangari wanaoga kwa kupeana zamu ya kufikiria maji. Akamgeukia marehemu baba yetu na jogoo wake. Watu walikuwa chini, wengine wanagaragara kwenye maranda. Na kila alipomaliza moja, kijiji kizima kiligeuza shingo kumtazama Dastani.

Oliva, nilimwona anavyoteseka. Majibu yalikuwa yanamfika mdomoni kabisa, nayaona yanavyosukuma mashavu. Kuna mahali pini moja ilichomoka ikaruka. Na kila mara alimeza, akasema, "Nimesikia, shemeji." Hilo tu. Alfredi akaongeza, akaongeza, sauti ikaanza kupungua. Mwisho akabaki anamtazama tu. Akamwuliza, "Hivi kweli huna jibu?"

Dastani akasema, "Ninayo manane. Lakini simjibu mume wa dada yangu."

Hakuna aliyecheka. Alfredi alikaa juu ya sanduku lake la zana, na mikono yake hakujua aiweke wapi. Kisha alimwambia Jafari alete kiti cha mgeni, na Jafari alipochelewa alikwenda kukileta mwenyewe. Wakakaa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya watu na nguo zimelowa, na hakuna aliyenikumbuka, ingawa nadhani nilikuwa nahusika kidogo. Baadaye Dastani alinifuata jikoni akanishika mkono, akalia kama siku tuliyomzika mama. Na mimi nililia. Nilimwambia nimemsamehe, na kwamba muhtasari wa akina mama asiuandike nyuma ya kalenda.

Tumekubaliana ndoa iwe Septemba, hapa, na mtakuja wote. Joel ameambiwa baba yake haendi tena Nachingwea. Mzee Anselmo asipewe nakala ya kitu chochote.

Ila nikumalizie la leo asubuhi, maana sijamwambia mtu. Nilikuwa napita kwenda kwenye mwani na ndoo yangu ya mbegu kichwani. Nikawa najiuliza sasa mchumba mzima atanitakia kazi njema au vipi. Alfredi akatoa kichwa dirishani, na mbele ya akina mama wote akaniuliza kama kweli nilipozaliwa mkunga alinitazama akaomba arudishiwe nauli.

Nilikuwa na jibu. Badala ya kulitoa nilisimama palepale njiani nikalia mpaka mbegu zikaanza kumwagika. Maskini, alitoka mbio bila viatu, anahema, anasema Mama Gift nisamehe, nimevuka mpaka, sisemi tena. Nikamshika shati nikamwambia asithubutu kunyamaza.

Wifi yako,
Dorika